Mlango Nyuma ya Gitaa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ile niliyopewa diploma, ingawa na hiyo naikumbuka, pamoja na baridi yake na suti niliyoazima. Ninayoikumbuka ni Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kwetu Kianyaga, nilipochukua patasi na kuitoboa kazi nzuri kuliko zote ambazo mikono yangu ilikuwa imewahi kufanya.

Umeniletea mchoro wa gitaa lako la umeme na umeniuliza mambo mawili: upake rangi gani, na ununue vifaa gani vya ndani. Umemuuliza mtu anayejua. Katika miji hii yote inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri mpaka Kerugoya, hutampata mwingine aliyetengeneza magitaa ya umeme mengi kunishinda. Sisemi hivyo ili unisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na nikikuambia nusu yake nitakuwa nimekudanganya. Lakini kabla sijakujibu, vuta kiti, chai bado ina moto, nikueleze jinsi nilivyojifunza. Hili la leo sikulipata darasani.

Nilirudi kutoka Uingereza miaka michache baada ya Uhuru. Sikusomeshwa na tajiri yeyote. Asubuhi niliosha sahani hotelini, jioni niliingia darasani nikinuka sabuni, na kwa njia hiyo nikaipata diploma ya ufundi wa redio na umeme. Wenzangu wengi waliporudi walikimbilia meza za ofisi Nairobi. Mimi nilifungua karakana yangu mwenyewe Nyeri mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la nguo. Diploma niliitia kioo nikaitundika ukutani, mahali ambapo mteja angeiona kabla hajaniona mimi. Nilivaa tai kazini. Watu walileta redio zao zimenyamaza wakazichukua zikiongea, na habari zikaenea. Wakaniita Diploma. Wengine waliniita hivyo kwa heshima na wengine kwa kunicheka, lakini mimi nilipokea yote kama heshima.

Siku moja akaja binamu yangu Muriuki, vumbi la njia limempaka mpaka kwenye kope. Muriuki alilima mpunga kule Mwea, na kila Jumapili aliendesha baiskeli akapanda mpaka Kianyaga kuongoza kwaya ya vijana katika kanisa letu. Alisimama mlangoni akaitazama diploma, akanitazama mimi.

"Diploma, unaweza tengeneza gitaa ya stima?"

"Naweza kutengeneza redio ya kuongea na mwezi."

"Wacha mwezi. Mwezi haina shida na mimi. Mimi niko na shida na wazee wa kanisa."

Akanieleza. Vijana wa kwaya walikuwa wanamtoroka mmoja mmoja, wakifuata bendi zilizopiga katika baa za Kagio. Yeye aliamini kwamba gitaa moja la umeme lingewarudisha. Wazee walibishana juu ya jambo hilo kwa miezi miwili, wengine wakisema hicho ni chombo cha walevi. Mwishowe Mzee Njogu, mwenyekiti wao, akakata shauri: gitaa hilo lingeingia kanisani Jumapili moja tu. Likipendeza, litakaa. Likileta aibu, litatoka, na jambo hilo lisisemwe tena mbele yake.

"Jumapili gani?" nikamuuliza.

"Ile ya kubariki taa."

Hapo nikaelewa uzito wa mambo. Kanisa letu lilikuwa limepata taa mpya za tyubu, zile ndefu nyeupe, pamoja na jenereta ya kuziwasha. Akina mama wa kanisa ndio walionunua zote, kwa kuchuma majani chai mwaka mzima, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Siku hiyo kila mtu angekuja. Ningeweza kutafuta siku ndogo kuliko hiyo, ya kujaribu. Lakini mimi niliipenda kwa ukubwa wake.

Basi nikaanza kazi. Kiwiliwili cha gitaa nilikichonga kwa mti wa muthaiti, mti wenye harufu nzuri, wenye michirizi kama maji yanayotembea. Shingo niliichonga kwa muiri, kwa sababu muiri ni mgumu na haupindiki. Hapo sikukosea, na mpaka leo nakushauri hivyo hivyo, ukipata mbao za zamani zilizokauka vizuri.

Vifaa vya ndani niliviagiza kwa posta kutoka Uingereza. Nitakueleza kwa ufupi, maana mchoro wako unaonyesha umevichanganya. Kwanza ni koili, zile ambazo wanabendi huziita pikapu: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, inayokaa chini ya nyuzi na kupeleka mtikisiko wake kwenye amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti. Pili ni vile vitufe vya kuzungusha, kimoja cha kupandisha na kushusha sauti, kingine cha kuifanya iwe kali au nzito. Tatu ni kapasita, kidude kidogo kama punje ya mahindi, kinachokisaidia hicho kitufe cha pili. Basi. Gitaa la umeme ndani yake lina vitu vichache kuliko redio ya mfukoni. Nilichagua koili zenye sauti angavu kuliko zote katika orodha, kwa sababu nilitaka uzi mmoja ukiguswa, hata bibi aliyekaa nyuma kabisa ausikie. Nilifikiria sauti ya gitaa tu. Sikufikiria ni nini kingine ambacho koili hizo zingekisikia.

Kisha ikaja rangi.

Chumba kilichopakana na karakana yangu kilikuwa cha Fundi Salim, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa hapo hapo Nyeri, mtaa wa Majengo. Kazi yake ilikuwa kupaka vanishi viti na makabati. Alipaka kwa kitambaa, akizungusha mkono polepole siku tatu nne, mpaka ubao ukang'aa kama umelowa. Alikuja akaushika mti wangu wa muthaiti, akaunusa.

"Huu usiufiche," akasema. "Niachie mimi, niupake vanishi nyembamba. Watu wauone mti."

"Fundi, mti wanao nyumbani. Nataka waone gitaa."

Nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka nyekundu, rangi ya gari, ya kupulizia kwa pampu, ing'ae mtu aweze kunyolea ndevu mbele yake.

"Mwezi huu?" akauliza Fundi Salim. "Tazama nje. Jua lenyewe hatulioni mpaka saa sita."

"Nilikotoka kuna baridi kuliko hapa, na wanapaka."

"Huko mlipaka ndani ya nyumba yenye moto, kijana. Hapa unapaka ndani ya wingu."

Nikapuliza. Asubuhi iliyofuata rangi yangu nyekundu ilikuwa imeingia weupe, kama chai iliyotiwa maziwa. Unyevu wa Julai ulikuwa umenaswa ndani yake. Nikaikwangua yote kwa msasa, nikapuliza tena, ikaingia weupe tena. Mara ya tatu nilisubiri zile saa mbili za jua la mchana, nikapasha ubao joto juani kwanza, nikapaka safu nyembamba moja kwa siku, na hapo ikakubali. Fundi Salim alipita akienda kuswali, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wiki tatu ziliishia hapo. Lakini rangi ile, mwanangu! Sijaona gari lolote Nyeri lililong'aa namna ile. Na juu kabisa, kwenye kichwa cha gitaa, nikaandika jina langu kwa rangi ya dhahabu, na baada ya jina, herufi za diploma yangu.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, maana hilo la rangi lilikuwa jaribio tu.

Vifaa vya umeme hukaa ndani ya shimo linalochongwa mgongoni mwa gitaa, na shimo hufunikwa kwa kifuniko cha skrubu. Mimi sikutaka kifuniko. Nilitaka mtu aligeuze gitaa langu huku na huku asijue limeingiliwa wapi. Nilitaka fundi yeyote atakayelishika ashindwe kuiba ufundi wangu. Kwa hiyo, kabla sijapaka rangi, nilichonga kibao cha muthaiti, nikakitia kwenye shimo kwa gundi, nikakipiga randa kikawa sawa na mgongo, kisha nikapaka rangi juu. Usingeona hata mstari.

Fundi Salim alipitisha kidole chake mgongoni mwa gitaa, akatafuta, akakosa.

"Umeacha wapi pa kufungulia?"

"Sikuacha."

"Na likiugua?"

"Haliugui, Fundi."

"Umezaa kitu kisichougua?" akasema. "Basi hongera. Mimi nina watoto saba, wote nimewakesha."

Nilicheka. Nililijaribu gitaa hapo karakanani mchana, mwanga ukiingia dirishani, amplifaya ikitumia betri ya gari. Lilitoa sauti safi kama maji ya mtoni. Wateja wa duka la nguo walikuja kusimama mlangoni. Nikajiambia kazi imekwisha.

Ijumaa nikateremka Kianyaga nikiwa nimelibeba mapajani kama mtoto, na Jumamosi asubuhi tukakutana kanisani kulijaribu: mimi na tai yangu, Muriuki, Mzee Njogu na fimbo yake, na akina mama watatu waliokuwa wanafagia. Ukungu ulikuwa umeshika mpaka madirishani. Muriuki akalivaa gitaa, akaunganisha amplifaya kwenye betri, akapiga wimbo mmoja wa zamani wa kwaya yao. Akina mama wakaacha kufagia. Niliona kidole cha Mzee Njogu kinagonga fimbo kwa mdundo.

"Washa taa sasa," akasema. "Tuone kesho itakavyokuwa."

Jenereta ikanguruma nyuma ya kanisa. Taa zikapepesa mara mbili tatu, zikawaka, kanisa lote likawa jeupe. Na kutoka kwenye amplifaya ukatoka mvumo mkubwa, wenye kukwaruza, usionyamaza. Muriuki alikuwa hajagusa uzi. Akageuka upande, ukapungua kidogo. Akarudi, ukapanda tena. Akapiga wimbo wake, na wimbo ukazama ndani ya mvumo huo.

Mzee Njogu akainamisha kichwa kusikiliza.

"Ati hii ni gitaa?" akauliza. "Mimi nasikia mzinga. Kijana, umetuletea nyuki kutoka Uingereza?"

Akina mama wakacheka mpaka mmoja akakalia benchi. Masikio yangu yakawaka moto. Nikasema jambo ambalo bado linaniaibisha: nikasema ni jenereta yao mbovu. Kisha nikasema kesho taa zizimwe wakati wa wimbo.

Yule mama aliyekaa akasimama tena, ufagio mkononi.

"Tuzime? Hizo taa nimezichumia majani mwaka mzima, mvua ikininyeshea. Kesho zinabarikiwa, halafu nizizime kwa sababu ya kibao chako?"

"Mama, ni wimbo mmoja tu..."

"Basi wewe zima tai yako kwanza!"

Mzee Njogu akainua fimbo, vicheko vikaisha. Aliongea polepole, bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Taa hazizimwi. Kesho saa tatu, gitaa hii ikiingia na nyuki, inatoka na nyuki. Na Muriuki, hutaniuliza tena. Tutaimba na midomo ile Mungu alitupatia."

Akatoka. Muriuki alilivua gitaa taratibu, akanikabidhi. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Diploma, unajua hiyo ni nini?"

Nilijua. Hapo ndipo palipouma. Nililijua jambo hilo tangu mwaka wa kwanza wa masomo: taa za tyubu hutapanya kelele ya umeme hewani, na koili kali kama zangu, zilizounganishwa kwa nyaya ndefu zilizo wazi, huinasa kelele hiyo kama redio inavyonasa stesheni. Dawa yake hata mwanafunzi anaijua: unalizungushia shimo lote karatasi ya chuma ndani, unaiunganisha na waya wa ardhi wa gitaa, na kelele inapita pembeni. Ni kazi ya saa chache tu, kwa mtu mwenye kifuniko cha kufungua.

"Najua," nikamjibu. "Lakini siwezi kufika ndani bila kuharibu rangi."

"Rangi," Muriuki akasema, kama mtu anayelionja neno hilo. Kisha akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Nikaenda nyumbani kwa mama. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Lazima nikueleze kidogo hapa. Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu mtoto wa pili hupewa jina la babake mama. Kwa hiyo mama yangu, tangu nilipozaliwa, hakuniita mwanangu. Aliniita Baba. Alinikaripia akiniita Baba, alinipa uji akiniita Baba.

"Baba, mbona umekuja na uso wa mtu aliyepoteza ng'ombe?"

Nikamweleza yote, hata yale ya nyuki na tai. Alicheka kidogo, akajizuia. Kisha akaomba aone gitaa. Aliligeuza, akalipapasa mgongo kama Fundi Salim alivyofanya.

"Wapi pa kuingilia?"

"Hakuna, Mama. Nilipaziba."

"Kwa nini?"

"Ili lipendeze. Ili watu wasione."

Akaliweka mapajani.

"Wewe una jina la babangu," akasema. "Babangu alichonga mizinga. Watu walitoka mpaka Embu kuja kuchukua mizinga yake. Unajua alianza na nini? Kifuniko cha nyuma. Kabla hajatoboa tundu la nyuki la mbele, alihakikisha kifuniko cha nyuma kinatoka na kurudi. Alisema mzinga usiofunguka hauna faida kwa nyuki wala kwa mtu, ni gogo tu limening'inizwa mtini. Sasa Njogu amekwambia umeleta mzinga, na wewe umekasirika. Mimi ningekasirika kwa sababu nyingine. Ningeona haya kwamba mjukuu wa mchonga mizinga amechonga mzinga usio na kifuniko."

Nilijitetea kwa jambo dogo, kama tunavyofanya tukishindwa kwa kubwa.

"Hata nikilifungua, sina karatasi ya chuma. Iko Nyeri."

Mama akanyanyuka. Maharagwe yake aliyaweka ndani ya sanduku la mbao nyembamba, yale masanduku ya kusafirishia majani chai. Ndani yake, unajua, kuna karatasi ya alumini inayong'aa, ya kuzuia unyevu. Kila mama aliyepata sanduku kama hilo alilitunza, maana maharagwe hayaingiwi na wadudu upesi. Mama akaliinamisha, akayamwaga maharagwe yote kwenye mkeka.

"Chukua, Baba," akasema. "Chukua na mbao zake. Mimi nitatafuta gunia."

Mwanangu, nilikaa kwenye kigoda na patasi mkononi, na nikashindwa kuanza. Wiki tatu za rangi. Mbele yangu niliona sura yangu mwenyewe, nyekundu, ikinitazama kutoka mgongoni mwa gitaa. Mwishowe nikafumba macho kwa pigo la kwanza. Rangi ilipasuka kama ganda la yai, ikaruka vipande mpaka kwenye maharagwe. Pigo la pili nilifumbua macho. Baada ya hapo nilifanya kazi.

Nikatoa kile kibao kilichokuwa na gundi. Nikakata karatasi ya alumini, nikalizungushia shimo chini na kando, nikaibandika kwa gundi. Nilipotaka kuiunganisha na waya wa ardhi kwa risasi ya kulehemia, ikakataa, kwa sababu alumini haishiki risasi. Hapo diploma ilinisaidia, siwezi kuinyima haki yake: niliukaza waya juu ya karatasi kwa skrubu na wosha, ile pete bapa ya chuma. Nyaya ndefu nikazikata fupi, nikazisokota pamoja. Kifuniko nilikikata kutoka kwa mbao za sanduku lile la mama, nikakitandika alumini upande wa ndani, nikakifunga kwa skrubu nne. Juu yake zilibaki tarakimu mbili nyeusi za muhuri wa kiwanda. Nilitaka kuzikwangua. Mama akasema ziache, ndizo zinazoonyesha sanduku lilikuwa la kweli. Akanipa bonge la nta ya nyuki na kitambaa, akanionyesha jinsi baba yake alivyoisugua kwenye mbao mpaka zikashika joto. Hiyo ndiyo rangi ya kifuniko changu. Kabla ng'ombe hawajarudi zizini, kazi ilikuwa imekwisha.

Jumapili saa tatu kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye ukungu. Kabla ya ibada nilimwendea kijana aliyetunza jenereta, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba jenereta yake haikuwa na kosa. Alishangaa, maana hakuwa amenikasirikia. Taa zikawashwa. Mchungaji akaziombea. Yule mama wa ufagio alikuwa mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani, akizitazama taa zake bila kupepesa.

Kisha Muriuki akasimama na kwaya. Akapandisha sauti kwa kile kitufe.

Sitakudanganya kwamba kulikuwa kimya kabisa. Kulibaki mvumo mdogo sana, kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Muriuki aligusa uzi wa kwanza na pumzi hiyo ikatoweka. Gitaa likaimba. Liliimba chini ya taa za akina mama, mti wa muthaiti ukipeleka kila sauti mpaka kwenye mabati. Katika ubeti wa pili vijana waliokuwa nje waliingia wakisukumana, na wawili kati yao nilikuwa nimeambiwa hawakanyagi tena kanisani. Mama yangu hakuimba. Alinitazama tu, akiwa na uso wa mtu ambaye babake amerudi safari.

Baada ya ibada Mzee Njogu akaja. Nilimwelekezea mbele ya gitaa, penye rangi na jina la dhahabu. Hakupatazama. Alilichukua, akaligeuza, akavaa miwani. Akapapasa kingo za rangi zilizopasuka, akagusa skrubu moja baada ya nyingine, akanusa nta.

"Hii mlango, nani alitengeneza?"

"Ni mimi, Mzee. Mama ndiye aliyenifundisha."

"Eeh," akasema. "Sasa hii ni kazi ya mtu wa kwetu. Nyuki wakirudi, tunajua pa kuingilia." Akamgeukia Muriuki. "Ikae."

Akaondoka na fimbo yake. Muriuki alinishika mkono akaukaza mpaka nikasikia uchungu, na tangu siku hiyo hakuniita Diploma tena. Aliniita jina langu.

Gitaa hilo ndilo unaloliona ukutani. Kanisa lilinunua jingine jipya miaka iliyopita, wakanirudishia langu. Wageni wakija husifu wekundu wake wa mbele. Mimi huligeuza nikawaonyesha nyuma, na huko ndiko ninakojivuna zaidi. Nikiri pia kwamba diploma haipo tena ukutani. Iko kwenye droo, salama, na nikihitajiwa naitoa.

Sasa nikujibu, mwanangu. Rangi ije mwisho. Unganisha vifaa vyako kwanza juu ya kipande cha ubao usio na rangi, ulipige gitaa likiwa uchi, na ulipige mahali pale litakapopigwa, chini ya taa zile zile, kwa umeme ule ule. Koili usizichague kwa sababu ni kali kwenye orodha. Chagua zile zinazonyamaza nyuzi zinaponyamaza. Nyaya ziwe fupi. Litandike shimo lote karatasi ya chuma hata kama hujasikia mvumo. Kapasita jaribu tatu nne, sikio likuchagulie. Ukiridhika, ndipo upake, na upake nyembamba, na usipake Julai. Ukipata mti mzuri, fuata neno la Fundi Salim, usiufiche. Tazama mchoro wako hapa: mgongo wote umeuchora mzima, bila hata skrubu moja. Hiyo ndiyo sababu nimekuweka kitini muda wote huu. Mimi pia niliuchora hivyo.

Jivune, mwanangu. Sijawahi kumwambia kijana asijivune, maana ningekuwa wa kwanza kuvunja sheria hiyo. Lakini kazi yako yoyote, iwe gitaa, iwe nyumba, iwe jina lako mbele za watu, iachie mlango wa nyuma wenye skrubu nne, ili siku itakapougua uweze kuingia bila kuipasua. Na anayekuonyesha kosa lako, hata kama hajui kusoma herufi zilizo baada ya jina lako, mpe kigoda akae.

Mungu aliyeuweka mlima huu mahali pake akupe mikono isiyotetemeka na sikio lisilojidanganya. Akupe watu wa kukucheka mapema, Jumamosi, kabla Jumapili haijafika. Na siku gitaa lako litakapovuma mbele ya watu, kwa maana litavuma, akukute una bisibisi mfukoni.